Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyuki Wetu na Hoja ya Nyuki wa Kuletwa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji nyuki mkoani Tabora, wazee wetu wa makambi, akina mama wa vikundi vya nta, vijana, na wewe Afisa Nyuki wa Wilaya uliyekubali kukaa nasi hadi jioni: mwangaluka.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya mweka hazina, nami nitaisoma. Naomba tu nisigawe muda sawasawa. Mambo ya kila mwaka nitayapitia haraka, kwa kuwa mengi yamebandikwa ubaoni na mnaweza kuyasoma wakati wa chai. Muda mrefu nitautumia kwenye jambo moja lililotugawa mwaka huu, mpaka watu waliokuwa wakila sahani moja kambini wakafikia kunyimana bomba la moshi la kutulizia nyuki. Ni hoja ya kuleta nyuki wa nje, au nyuki chotara, badala ya hawa tuliowarithi.

Nianze na ya kawaida. Msimu mkubwa ulikuwa wa wastani. Miti ya miba (mmoja huitwa muba) ilichanua vizuri mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni, na waliorina kwa subira walipata masega yaliyofunikwa nta mpaka chini. Msimu mdogo, ule wa mitundu na miyombo kabla ya mvua za Novemba, ulituangusha. Moto uliingia porini mapema, ukababua maua na baadhi ya mizinga. Wengi mnajua ulikotoka: shamba linasafishwa, upepo unageuka, na mwenye shamba anarudi nyumbani kulala. Kamati ya msitu imeshakaa na serikali za vijiji viwili juu ya jambo hili. Kijiji kimoja kimekubali kuchoma mapema na kwa zamu, cha pili bado kinazungusha maneno.

Kuhusu mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, sitasema mengi, maana nusu ya waliokaa hapa wanalima tumbaku, na mimi mwenyewe ndiyo iliyonisomesha. Nasema hivi tu: ukikata muba kwa ajili ya kuni za bani, umekata kuni, umekata gome la mzinga, na umekata ua la mwaka kesho. Na dawa zinyunyizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi, siyo saa nne asubuhi wakiwa kazini.

Ghala letu la kukusanyia asali limepata sakafu mpya. Ndoo zilizokuwa zimebeba mafuta ya kula na rangi hazipokelewi tena, hata mwenye nayo akiapa kwamba ameosha kwa maji moto. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada bado ni tatizo, na majina yapo ubaoni.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Hoja ililetwa kwa maandishi na vijana wa upande wa Urambo na Kaliua. Waliomba chama kitenge fedha za kununua malkia wa nyuki wa Kitaliano, aina ya Ulaya, au wale chotara wa Ulaya wanaoitwa Buckfast, tuwajaribu kwenye mizinga michache ya masanduku. Niseme wazi kwamba hoja yao haikuwa ya kipuuzi, na wale wazee waliowacheka kikaoni hawakutenda haki. Vijana wameona video za wenzetu wa Ulaya wanaofungua mzinga wakiwa na kaptura na fulana, nyuki wakitembea kwenye masega kana kwamba hakuna mtu. Wameona mzinga mmoja ukirundikwa masanduku ya asali mpaka juu. Halafu wanajitazama wenyewe: ovaroli mbili, buti, glavu, wavu wa kichwani, na bado unarudi kambini jicho limefumba. Wakauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake pale pale: ng'ombe wa maziwa tumechanganya, kuku tumechanganya, mahindi tunapanda chotara, kwa nini nyuki peke yake abaki wa babu?

Mama mmoja wa Sikonge akaongeza lake, nalo liliniingia zaidi. Alisema mizinga yake iko mbali porini kwa sababu nyuki hawa hawakai na watoto. Analea wajukuu, hawezi kulala kambini kama wanaume. Nyuki mpole angemwezesha kufuga nyuma ya nyumba. Hilo ni dai la haki kabisa, na mtu yeyote anayekataa nyuki wa nje lazima amjibu mama huyu kwanza, ndipo arudi kwenye mambo ya kujivunia asili.

Kamati ilinipa kazi ya kukusanya maelezo, kwa msaada wa wataalamu wa nyuki na wa machapisho ya watafiti. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa, na ninyi ndio mtakaopiga kura.

Kwanza tumjue tuliye naye. Nyuki wa pori letu la miyombo wataalamu wanamwita Apis mellifera scutellata. Huko pwani yupo mwingine, litorea, na kwenye milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru yupo monticola, mweusi na mtulivu zaidi, aliyezoea baridi. Wote ni ukoo mmoja na nyuki wa Ulaya, na wanazaliana nao. Tofauti iko kwenye maisha waliyoyapitia. Nyuki wa Ulaya ameishi na majira ya baridi ya miezi mingi, kwa hiyo amezoea kujilundikia akiba kubwa na kutulia nyumbani. Asiyeweka akiba anakufa, basi. Wetu ameishi na nyegere, siafu, moto wa kila kiangazi na binadamu anayekuja na mwenge. Akiona eneo limekauka au limeungua, anabeba alichonacho na kuhama. Anazaliana haraka, anagawanyika haraka, na akichokozwa anajibu kwa jeshi zima. Ukali wake ndio uliomfikisha leo.

Vijana waliuliza kuhusu ng'ombe na kuku. Jibu nililolipata ni rahisi, na nashangaa hatukuliona mapema: dume la ng'ombe unalifunga kamba, dume la nyuki hulifungi. Malkia kijana hapandwi ndani ya mzinga. Anaruka angani, anakwenda hata kilomita kadhaa, na huko anakutana na madume kati ya 10 na 20 wa makundi asiyoyajua. Ukinunua malkia wa Kitaliano leo, vibarua wake wa kwanza, yaani nyuki watendakazi, watakuwa wapole kama ulivyoahidiwa. Siku malkia huyo atakapozeeka au kundi litakapogawanyika, binti yake ataruka juu ya pori la Ugalla, na huko madume yote ni ya scutellata. Watoto wa binti huyo ni chotara wa bahati nasibu. Wafugaji wa nchi nyingi wanasimulia kwamba chotara wa vizazi vya baadaye ndio wakali kuliko wazazi wote wawili. Kizazi baada ya kizazi damu ya mgeni inapungua, unabaki na nyuki wa pori ulilolikuta, isipokuwa mfuko wako umepungua.

Ulaya wanaweza kulizuia hilo. Wana visiwa na mabonde waliyoyatenga kwa ajili ya kupandisha malkia tu, na wana vyombo vya kumpandisha kwa mkono chini ya darubini. Sisi tuna pori lisilo na ukuta, lenye makundi mengi ya mwituni kiasi kwamba mzinga mtupu ukiutundika na kuupaka nta, nyuki wanakuja wenyewe bila kununuliwa. Utajiri huo huo ndio unaofanya uchotara usidumu hapa.

Na hili si la kubahatisha, limeshaonekana, tena likiwa na jina la mkoa wetu ndani yake. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alikuja Afrika kutafuta malkia. Nyuki wa Ulaya waliokuwa wamepelekwa kwao na Wareno na wahamiaji wengine walikuwa wanadorora kwenye joto. Alitaka kuwachanganya na wa Afrika apate mwenye bidii na mpole kwa pamoja, yaani hoja ile ile ya vijana wetu ila imegeuzwa upande wa pili. Malkia waliofika Brazil wakiwa hai walitoka karibu wote Afrika Kusini. Mmoja alitoka Tabora. Ndiyo, Tabora hii tuliyokaa.

Waliwekwa karibu na mji wa Rio Claro, na milango ya mizinga iliwekewa vizuizi ili malkia wasitoke. Mwaka 1957 mtu mmoja aliviondoa, makundi 26 yakaruka na malkia wao. Kutoka hapo hakuna aliyewazuia tena. Walipanda bara zima, wakafika Mexico mwaka 1986 na Texas, Marekani, mwaka 1990. Kila walipopita kwenye nchi za joto waliwameza nyuki wa Ulaya waliowakuta, na ingawa mchanganyiko ulikuwepo, damu ya Afrika ndiyo iliyotawala mpaka leo. Watu na mifugo walikufa kwa kuumwa, na magazeti ya Marekani yakawaita nyuki wauaji. Sijisifu kwa hilo. Watu waliokufa walikuwa watu, na ufugaji wa nchi kadhaa ulianguka kwa miaka.

Ila nataka tuone mambo mawili. La kwanza, kama nyuki wetu aliwashinda nyuki wa Ulaya kwenye bara ambalo wao ndio waliotangulia, kwa wingi na kwa karne kadhaa, malkia wachache tutakaowaleta kwa sanduku hapa nyumbani kwake wana nafasi gani? La pili linahusu Wabrazili walivyojirekebisha. Walihamisha mizinga mbali na makazi, wakatengeneza mabomba makubwa ya moshi na nguo nene, wakaanza kuchagua makundi yasiyo makali sana. Leo Brazil ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa asali duniani, na asali hiyo inatengenezwa na hao hao wajukuu wa malkia wa Afrika. Hawakumrudia Mtaliano.

Hapo kuna atakayesema: basi Mwenyekiti, kama mgeni atamezwa, hasara ni ya fedha tu, tujaribu tuone. Ingekuwa hivyo nisingepoteza mchana wenu. Fedha zikipotea zinatafutwa. Ninachokiogopa ni kile kinachokuja na malkia na hakimezwi.

Mnamjua utitiri wa varoa, yule mwekundu mwenye umbo la kisahani anayening'inia mgongoni mwa kibarua. Asili yake ni nyuki wa Asia. Akahamia kwa nyuki wetu wa ukoo wa mellifera baada ya binadamu kuwasafirisha na kuwakutanisha. Afrika Kusini alionekana 1997, na karibu mwaka 2009 watafiti walimkuta Kenya na Tanzania. Ulaya na Marekani mfugaji asiyeweka dawa kwa kawaida hupoteza kundi ndani ya miaka miwili mitatu. Hapa kwetu makundi yanaishi naye bila dawa yoyote, kwa sababu nyuki wetu wanajisafisha, majana yao, yaani watoto wa nyuki, yanakomaa kwa siku chache kuliko ya nyuki wa Ulaya, na wanagawanyika na kuhama mara kwa mara. Yaani kuhama huko tunakokulalamikia ni sehemu ya dawa. Ukileta malkia aliyezoea kulindwa kwa dawa, unaleta pia gharama ya dawa. Na dawa ikishaingia kwenye nta, asali yetu haitabaki ile tunayoisifia. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali kwenye Umoja wa Ulaya, na wanunuzi wa huko wanapima mabaki ya dawa. Huo ndio mlango wetu.

Kuna na ugonjwa wa bakteria wa kuozesha majana, Paenibacillus larvae. Vijidudu vyake vinajificha kwenye mbao za mzinga na kwenye asali zaidi ya miaka 40, na nchi nyingi tiba yake ni kuchoma mzinga na vilivyomo. Mwaka 2009 ulizuka Cape Magharibi, Afrika Kusini. Hausafiri kwa miguu; husafiri kwa nyuki, asali na vifaa vinavyobebwa na watu.

Lakini mfano ulioninyima usingizi ni wa nyuki wa Cape, na huyo wala hakutoka bara lingine. Huko kusini kabisa mwa Afrika Kusini kuna nyuki anayeitwa capensis, ambaye kibarua wake anaweza kutaga mayai yanayotoa vibarua wa kike bila kupandwa. Kwao hana tabu. Mwaka 1990 wafugaji wenyewe waliwahamishia kaskazini, kwenye eneo la scutellata, nyuki wa aina yetu. Vibarua wa capensis wakaingia kwenye mizinga ya wenyeji, wakataga, watoto wao wakala bila kufanya kazi, na kundi likafa taratibu. Wafugaji wakapoteza makumi ya maelfu ya makundi, na tatizo lile bado halijaisha. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja mwenyeji akaoza, na aliyefungua mlango alikuwa mfugaji mwenye nia njema na gari la kubebea mizinga.

Kwa hiyo msimamo wangu haukomei kwa Mtaliano. Sitaki tuchukue makundi Kilimanjaro wala Pwani tuyalete hapa. Sitaki hata tuyatoe ng'ambo ya mpaka upande wa Kigoma bila kuulizana. Nyuki wanaohama wenyewe wahame. Sisi tusiwe gari lao.

Niliona ajabu pia kwamba wakati sisi tunatamani nyuki wao, wenyewe wanarudi kwa nyuki wa kwao. Slovenia, nchi iliyoasisi Siku ya Nyuki Duniani tunayoiadhimisha Mei 20, inalinda kwa sheria nyuki wake wa Carniola na hairuhusu aina nyingine kuingizwa. Huko Uskoti, kisiwa cha Colonsay kilitungiwa amri mwaka 2013 kwamba ni kosa kufuga nyuki mwingine pale zaidi ya nyuki mweusi wa asili. Watafiti wa Ulaya walifuatilia makundi zaidi ya 500 katika nchi 11, wengine wa mahali pale na wengine wa kuletwa, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa makundi ya mahali pale yaliishi siku 83 zaidi kwa wastani. Hiyo ni Ulaya kwa Ulaya, umbali wa siku moja kwa lori. Na mtawa wa Buckfast mwenyewe, nyumba ya watawa huko Uingereza, Brother Adam, baba wa chotara hao wanaotamaniwa, alisafiri hadi Kilimanjaro mwaka 1987 akiwa mzee wa karibu miaka 90 kutafuta monticola. Aliyetengeneza chotara bora kuliko wote alikuja kutafuta mbegu kwetu.

Sasa nirudi kwa yule mama wa Sikonge, maana sijamjibu.

Upo ushahidi kwamba nyuki wa damu ya Afrika anaweza kuwa mpole bila kubadilishwa. Wale waliotoka Brazil walifika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1994. Kisiwa kidogo, watu wengi, na makundi makali yakiondolewa na kuuawa. Miaka michache baadaye watafiti wakakuta nyuki wa kisiwani wana uwezo ule ule wa kustahimili utitiri, lakini upole wao unakaribia wa nyuki wa Ulaya. Matokeo hayo yalichapishwa 2012, na mwaka 2017 yakathibitishwa kwa uchunguzi wa vinasaba. Hakuna aliyeleta malkia mpole. Maelezo ya watafiti ni kwamba wakali waliondolewa, wapole wakaachwa wazae. Siwadanganyi kwamba pori letu ni kisiwa. Madume ya mwituni yatazidi kuja, na matokeo yetu yatakuwa ya polepole kuliko yao. Ila njia ni hiyo, na haina gharama ya forodha.

Tazameni sisi tunavyofanya. Mzee mwenye mizinga mingi, akikuta kundi tulivu lenye asali nyingi, anarina lote kwa kuwa ni rahisi, pamoja na majana. Kundi linakufa au linahama. Akikuta kundi kali analiogopa, analiacha, nalo linagawanyika na kujaza pori. Mwaka baada ya mwaka tumekuwa tukichagua ukali kwa mikono yetu, halafu tunashangaa.

Vivyo hivyo lawama ya kuhama. Kuna kuhama kwa msimu, huko hakuna wa kukuzuia. Lakini kuhama kwingi nilikokuona kwenye makambi kunatokana na mzinga uliokamuliwa mpaka sega la mwisho, mzinga uliotundikwa juani, siafu walioachiwa njia, au moshi wa matambara yenye mafuta. Mtaliano naye ukimfanyia hivyo hatahama, ni kweli. Atakufa mle mle.

Na kiasi cha asali? Mzinga wa Ulaya unatoa zaidi, sibishi. Nyuma yake kuna mifuko ya sukari ya kulishia, dawa, na malori ya kuwapeleka nyuki kwenye maua. Kwa takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nchi yetu inatoa takriban tani 30,000 za asali kwa mwaka, ya pili Afrika baada ya Ethiopia, na nchi zote mbili zinafanya hivyo kwa nyuki wa kienyeji. Anachokataa mnunuzi pale ghalani kwetu ni asali yenye maji kupita asilimia 20 kwa sababu imerinwa mbichi, au inayonuka moshi. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza malkia ni wa kabila gani.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Hoja ya kununua malkia wa nje isipitishwe. Badala yake fedha zilizoombwa ziende kwenye manzuki moja, yaani eneo la kuweka mizinga, ya kuchagua mbegu, karibu na kijiji ambacho mkutano utakubaliana. Kila mwanachama aliye tayari ataleta kundi moja ambalo yeye na jirani yake wanashuhudia kuwa ni tulivu, halihami ovyo, na lina akiba nzuri. Litoke ndani ya wilaya zetu tu. Vijana walioleta hoja ndio watakaosimamia daftari, kwa kuwa ndio wenye hamu. Wataandika kila ukaguzi: nyuki wangapi walifuata mtu na hadi wapi, walitulia kwenye sega au walikimbia, waliweka nini. Makundi mazuri yatagawanywa na kupewa wanachama. Makali yatabadilishiwa malkia. Tusitegemee miujiza mwaka wa kwanza. Makundi ya awali yaliyotulia yapelekwe kwa akina mama wanaofuga karibu na nyumba, wakianzia Sikonge, kwa masharti: mizinga itundikwe kwa waya kimo cha kifua, kivulini, nyuma ya uzio wa miti, na ifunguliwe jioni.

Tutanunua pia nguo za kujikinga za saizi ya wanawake, maana hizi tulizonazo zimeshonwa kwa ajili ya mtu wa futi sita. Na wenzetu waliotoka Kasulu, ndizi mbivu ziacheni kambini. Harufu ambayo nyuki hutoa anapouma kuita wenzake ina kemikali ile ile ya ndizi iliyoiva, na mtu aliyetoka kula ndizi anafika kwenye mzinga akiwa ameshatangaza vita.

Kuna mfanyabiashara ambaye amekuwa akiwapigia simu baadhi yenu akiahidi malkia wa nje kwa bei ya punguzo, wapitishwe mpakani mfukoni. Malkia kweli anaingia mfukoni, ndiyo hatari yenyewe. Tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002, na nyuki hai hawaingizwi nchini bila kibali. Afisa Nyuki yuko hapa na ataeleza taratibu. Mwanachama atakayewaingiza kwa njia hiyo chama hakitamtetea, hata akiwa mjumbe wa kamati, hata akiwa ndugu yangu.

Vijana wa Urambo na Kaliua wameomba dakika 15 za kunijibu, na wamepewa. Wazee naomba msiwakatishe. Baada yao atasoma mweka hazina, kisha chakula. Kura ya hoja hii itapigwa saa tisa kwa karatasi, siyo kwa kunyoosha mikono, ili mtu asimwogope jirani yake. Wanaopiga kura ni wenye ada iliyokamilika, kwa hiyo ambaye jina lake liko ubaoni amwone mweka hazina kabla ya chakula. Anayetaka kutoa kundi kwa ajili ya manzuki aandike jina lake, kijiji na aina ya mzinga kwenye daftari la katibu, lipo meza ya mlangoni.